Vibogoyo wa Korongoni

Katika chumba cha nyuma cha jumba la makumbusho, fundi wa msumeno alikuwa na kazi moja tu: kupasua mawe yenye nungu bahari, wale wanyama wa duara wenye miiba, waliokufa zamani sana hata wakageuka mawe. Kazi alipewa na shemeji yake, mume wa dada yake, aliyewachunguza wanyama hao tangu ujana. Wafanyakazi walimwita Miiba. Fundi naye alimwita hivyo hivyo, na Miiba akamlipa kwa kumwita Vumbi.

Miiba alikuwa amewagawa nungu bahari wa korongo moja mafungu mawili. Wakubwa walikuwa na vinywa vitupu. Wadogo, wasiozidi kifungo cha koti, walikuwa na taya na meno yao matano. Alishikilia kwamba kibogoyo na mwenye meno hawawezi kuwa jamii moja, akalichapisha kila fungu kwa jina la peke yake. Wakubwa walitangulia. Wadogo walifuata mwaka ule binti yake wa pekee alipokufa kwa homa, hajaanza hata shule, na jina alilowapa lilikuwa la huyo mtoto.

Jina hilo halikubaki mahali pengine. Kaburi lilifukuliwa ipite barabara, na nyumbani hakuna aliyethubutu kulitamka. Lakini kila mama mtu alipomletea mumewe chakula, alivuta droo ya wale wadogo, akasoma kibandiko, akaifunga, akaenda zake.

Siku hiyo lilikuja kreti jipya kutoka korongoni, na ndani yake kulikuwa na nungu bahari wa kimo cha kati. Hawakuwahi kupata wa namna hiyo. Fundi akapasua mmoja, akausugua uso wa jiwe kwenye gurudumu la kusagia, akamkabidhi shemeji yake. Miiba aliinama na lenzi yake. Hakuinuka mpaka fundi alipomuuliza kama amemharibia jiwe.

Hakuharibu kitu. Taya zilikuwamo, lakini nyembamba, zimelika, na meno yamebaki visiki. Miiba akamweleza kwa sauti kavu kwamba wale wadogo si jamii ya peke yao. Ni watoto wa wale wakubwa. Huanza na meno, na kadiri wanavyokua meno yanayeyuka. Mnyama ni mmoja, jina ni moja, na sheria ya kazi yao inasema linabaki lililotangulia kuchapishwa. La pili linafutwa.

Fundi hakuuliza la pili ni lipi. Yule mtoto alikuwa mpwa wake, alimbeba mabegani.

"Lete hapa, shemeji," alisema. "Nikilisaga kidogo tu, hakuna taya wala jino. Nani atajua?"

Alitegemea kutukanwa. Miiba akampa jiwe.

Fundi akalikandamiza kwenye gurudumu. Meno yakatoka tope la kijivu, yakaenda na maji. Aliponyanyua kichwa, Miiba ameshika jingine kutoka kreti lile lile, anamwambia apasue. Akapasua. Visiki vile vile. Akapasua la tatu, mambo yakawa yale yale.

"Endelea basi," Miiba alisema. "Ukimaliza kreti, ukalisage na korongo, Vumbi."

Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa na hila.

Dada mtu alipoingia na chakula, alimkuta mumewe amesimama mbele ya droo. Miiba hakumzungusha. Alimwambia yote, hata la jiwe lililosagwa, huku akiitazama sakafu. Mkewe alisikiliza, akaweka bakuli juu ya meza, akavuta droo mwenyewe na kuwatazama wale wadogo waliojipanga kwenye pamba.

"Kwa hiyo hawa ndio waliokufa kabla ya kukua."

"Ndio, mama," alisema mumewe.

"Na hao ndio mnaowanyang'anya jina."

Miiba akabandua kibandiko kwa ukucha, taratibu, asikichane, na alipomaliza hakujua akiweke wapi. Mkewe hakukipokea. Aliketi juu ya gunia la mchanga wa kusagia, akajifunika uso kwa mtandio, na ikamtoka sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia, hata siku ya mazishi.

Fundi aliwasha msumeno, hauna jiwe lolote, akauacha ukinguruma, ili watu wa ukumbini wasisikie.