Cherehani Isiyo na Uzi

Fundi aliacha kukanyaga cherehani, akatega sikio. Nyuma ya pazia la uani mkewe alikuwa amekaa na kinyozi, mpangaji wao mpya, na mazungumzo yao hayakuwa ya nywele.

“I very love you,” alisema mkewe.

“Hapana, Mama. Hiyo very usiitangulize. Ipeleke mwisho na much. I love you very much.”

Mkewe akarudia, tena kwa sauti laini ambayo Fundi hakuwa ameisikia tangu walipokuwa wachumba.

Damu ikamchemka. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini love alilijua. Somo gani hilo lisilo na neno jingine? Angeuliza, ila mzee mzima kumwonea wivu kinyozi ni kujianika. Akaamua kuwafumania kwanza. Akachomoa uzi kwenye sindano, akaendelea kukanyaga taratibu ili wadhani anashona, masikio yote yakiwa uani.

Ikawa hivyo kila mchana, wakati wateja wamepungua.

“Sasa beautiful. Hapo very inatangulia.”

“You are very beautiful.”

Fundi akajidunga sindano kidoleni. Jioni mteja akarudi ameshikilia suruali kiunoni kwa mikono miwili. “Fundi, umenishonea kwa hewa?” Fundi alikuwa amesahau kurudisha uzi. Usiku alimpa mkewe mgongo, akalala na kinyongo chake. Mke wake anaibiwa hivi hivi, ndani ya nyumba yake mwenyewe!

Jumapili mtoto wao akapiga simu kutoka ughaibuni, simu ya kuonana. Fundi alizoea kumsalimia mwanawe tu. Mjukuu akitokea na Kiingereza chake, babu anasingizia mteja, anakimbilia dukani. Siku hiyo alichelewa kuinuka. Mkewe akaisogeza simu usoni pake.

“You are very beautiful. I love you very much.”

Kibinti kikapiga kelele za furaha, kikaibusu simu. Fundi akasikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kumbe ni kwa ajili ya huyu! Mara simu ikawa mbele ya uso wake.

“Babu?”

“Nina mteja…”

“Leo duka limefungwa,” mkewe akasema.

Fundi akafungua mdomo. Maneno yakatoka yenyewe, yamejipanga, kila very mahali pake. Mjukuu akaita ndani kwa mama yake kwamba Babu ameongea naye. Fundi akalia waziwazi.

Simu ilipokatika, akafuta macho kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni.

“Mbona hukuniambia? Ningekaa nijifunze na mimi.”

“Wewe? Ungesema una mteja.” Mkewe akamwondolea utepe, akampa kanga yake ajifute vizuri. “Mume wangu, nimezeeka na mlio wa cherehani hiyo. Kila ikianza kwenda tupu, ndipo nilipokuwa namwambia kijana wa watu apaze sauti.”