Mandolini Isiyopona

Igoma nzima hakuna uzi uliowahi kumshinda Kashaija, fundi magitaa. Ndivyo alivyomtambia kila mteja, isipokuwa Prudencia wa kwaya, ambaye mandolini yake ilirudi kwa fundi kila wiki.

"Nikikaza uzi unang'ang'ania hapa juu, halafu unaruka, tik! Sauti yote inapotea," Prudencia alilalamika. "Daktari, mgonjwa wangu haponi?"

Dawa Kashaija aliijua. Kile kipande cha mfupa kinachopitisha nyuzi shingoni kilikuwa na mifereji myembamba mno. Aipanue kidogo kwa msasa, aipake unga wa penseli, basi. Lakini ikipona, nani atamwita tena daktari? Na Prudencia alikuwa anahamia Bukoba.

Jumamosi, siku ya kuichukua, akaitengeneza kweli. Akaipiga peke yake, nyuzi zikatii, na moyo ukamuuma kama ameshamsindikiza mtu bandarini. Aliposikia sauti ya Prudencia nje, akanyakua gundi kali na kudondosha tone kwenye mfereji, akaubonyeza uzi kwa kidole ushike.

"Bado, Prude. Imekuwa sugu. Iache tu, nitakuletea mwenyewe Bukoba."

"Muongo huyo!" Shamsa, fundi cherehani aliyepanga na Kashaija kibaraza kimoja, aliangua kicheko. "Sasa hivi ilikuwa inaimba mpaka nimeacha kushona! Dada, mwambie akupe mkono wa kwaheri."

Prudencia akanyoosha wake. Kashaija hakuweza. Kidole chake kilikuwa kimegandia kwenye uzi.