Kibandiko cha Chombo cha Liberati

Alliance alikisimamisha chombo juu ya meza ya jikoni, kimeoshwa kinang'aa, kimejazwa karanga za kukaanga mpaka shingoni.

"Nimeisugua muzuri, wifi," alisema kwa furaha. "Ilikuwa na kikaratasi kibaya hapa pembeni. Chombo ya watu utairudishaje chafu, tena bila kitu ndani?"

Cibalonza alikigeuza chombo, akapapasa pale kikaratasi kilipokuwa.

Kikaratasi chenyewe ndicho kilichokuwa kila kitu, jamani! Chombo kilikuwa cha marehemu Liberati wa Buffalo, mzee aliyemfundisha kupenda vyombo vya kioo vya zamani vya Japani kabla Cibalonza hajahamia Louisville. Mzee alimwazima Cibalonza akilinganishe na cha kwake cha Italia, kwa sababu vilifanana kama mapacha: bluu ile ile, mdomo ule ule uliovutwa juu kama sikio la mbuzi. Hata wajuzi huvichanganya. Tofauti iliyoonekana kwa kila mtu ilikuwa moja tu, kibandiko cha kiwanda cha Japani. Cha Italia hakikuwa nacho.

Sasa Liberati amekufa, na mjane wake, Mama Dative, alikuwa amepiga simu. "Kile cha karatasi, unirudishie. Banasema uko na kingine kwako. Usinichezee." Watu wa kanisa lao kule Buffalo walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba Cibalonza atabadilisha, ampelekee mjane cha Italia. Ndiyo maana alifunga safari kutoka Louisville, akalala hapa Columbus kwa kaka yake Jules, mume wa Alliance. Alikuwa anakwenda kuokoa jina lake, basi.

Na wifi mtu, kwa adabu zake nzuri za nyumbani, amekiosha.

"Bon, usilie," Jules alisema. Alikwenda kwenye meza ya televisheni, akarudi na kisahani cha kioo ambacho Cibalonza mwenyewe alimpa Noeli iliyopita. Kilitoka kiwanda kile kile, na chini kilikuwa na kibandiko kama kile. "Donc, tunatoa huku, tunabandika kule. Uongo iko wapi? Chombo si ni ile ile?"

"Nitamwambia ukweli."

"Mwambie. Atakuamini? Yule mama?"

Hapo ndipo Jules alipompata. Angempa Alliance simu, akamwambia ongea na mwenye mali, umweleze, kesi ingeishia hapo hapo jikoni. Lakini hofu haina masikio. Walikitoa kibandiko kwa mvuke wa birika, taratibu, wakakitia ndani ya bahasha. Jules akachukua na gundi ya shule ya watoto wake.

Njia nzima mpaka Buffalo bahasha ilikaa mapajani mwa Cibalonza. Nibandike, nisibandike. Karibu na Cleveland aliapa kuitupa nje ya dirisha. Walipofika Grant Street, mtaa wa Mama Dative, Jules akaegesha gari mbele ya duka la vyakula, naye Cibalonza akaona wanawake wawili wa kanisani wanatoka na mifuko, wakamtazama, wakatazamana. Mkono wenyewe ukafungua gundi. Alibandika pale pale alama ilipokuwa, akafuta pembeni kwa kidole.

"Tungoje ikauke," alisema.

Mtu akagonga kioo cha gari. Alikuwa Mama Dative, kitenge kimefungwa juu ya koti, anatabasamu kidogo. "Mnakaa nje ya nini? Nyumba iko hapo juu. Mupande."

Cibalonza alipanda ngazi akijihadhari asikiguse kibandiko. Mama Dative alipoziona karanga, uso ulimfunguka. "Ah, mtoto wangu! Umenirudishia na kitu ndani. Na karatasi yake naiona." Akashusha pumzi. "Watu baniogopesha bure. Nilikuwa sipate ata usingizi, kusema kweli. Unisamehe."

Alikwenda kuchukua sinia. Cibalonza alisikia raha ikimpanda mwilini, akataka hata kucheka. Mama Dative akakishika chombo ubavuni, akakiinamisha, karanga zikamiminika. Kidole gumba chake kikateleza.

Akakitazama kidole. Kibandiko kilikuwa kimekaa juu yake, kimekunjamana, na uzi mweupe wa gundi ukining'inia.

Jules alitazama sakafu. Cibalonza akasema yote, mbio mbio, maneno yanagongana: Alliance, maji ya moto, kisahani, mvuke. "Ni chenyewe, mama. Nakuapia kwa Mungu, ni chenyewe!"

Mama Dative alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Kama ni chenyewe, ulikibandikia nini?"

Cibalonza aliokota karanga moja iliyodondoka, akairudisha kwenye sinia.

"Karanga nimepokea, umshukuru wifi yako," Mama Dative alisema, akamwekea chombo mikononi. "Hiki ni cha kwako. Cha mume wangu utanitumia siku roho itakapokusuta."

Mlango ulifungwa bila kishindo. Cibalonza akateremka ngazi amekikumbatia chombo cha Liberati, chenyewe hasa, na hakuna tena mtu duniani ambaye angekubali kukipokea.