Nyota za Sindano

Saa mbili kamili asubuhi, fundi cherehani alifuta meza, akaegemeza simu kwenye bilauri, akamwita bintiye, ambaye kwa wembamba wake aliitwa Sindano. Shule zilikuwa zimefungwa mwezi wa pili sasa. Mwalimu wa darasa la kwanza alituma kazi kwa simu, na kazi ilipaswa kurudi, imepigwa picha, kabla ya saa sita.

Sindano alisoma kidole kikiwa juu ya neno, ulimi nje. Saa tano na nusu alikuwa kwenye neno la tatu.

"Lete hapa, mama, tutachekwa," alisema fundi. "Wewe nenda kamalizie lile pindo."

Aliandika kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko uyumbe kitoto. Mwalimu akarudisha nyota tatu. Fundi, aliyeacha shule darasa la pili, hakuwahi kupewa nyota na kiumbe yeyote. Aliitazama simu mpaka ikajizima.

Wiki ile suruali zilimpwaya, akazipunguza. Wiki ya tatu ndevu zake zote zilibaki kwenye taulo. Wiki ya sita jino la mbele lilidondokea kwenye chai, akalitoa kwa kijiko, akaendelea kunywa.

Mkewe, mfuaji wa mashuka hospitalini, alirudi nyumbani Jumamosi tu.

"Baba Sindano, umepungua."

"Masomo, mke wangu."

"Na mtoto?"

"Ana nyota tisini."

"Nimeuliza mtoto."

Mtoto alikuwa kwenye cherehani, katika chumba cha mbele kilichokuwa duka, amekalia ncha ya kiti ili afikie kanyagio, anamtilia mtu zipu. Mama alimletea pakiti ya sabuni.

"Soma hapa."

"Sabuni."

"Na hapa chini?"

"Hapo pia sabuni."

Mama alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Shule zilipofunguliwa, sare iliyoshonwa kwa vipimo vya Sindano ilimkaa fundi bila kasoro. Walikwenda wote watatu. Getini, mwalimu aliwapa ubao mmoja wausome. Fundi alisoma mpaka nukta ya mwisho, kwa kithembe cha pengo. Sindano alitazama viatu vyake.

"Nafasi ni moja," alisema mwalimu kwa upole, akifungua daftari la mahudhurio. "Na hapa kuna nyota mia na kumi na mbili."

"Ni za baba," alisema Sindano.

"Ndiyo maana namchukua yeye."

Mama alipiga magoti, akamfunga mumewe kamba za viatu. "Usipigane na wenzako."

Fundi alimshika bintiye mkono. Sasa walilingana kimo.

"Nikirudi nitakufundisha, mama."

"Ukirudi utakuwa na kazi za nyumbani, baba."

Kengele ikalia. Fundi alikimbia, kwa kuwa wachelewaji hufagia uwanja. Sindano alimpungia mkono mpaka mlango wa darasa ukafungwa, kisha akamwomba mama funguo za duka.