Kivuli cha Lango la Einar

Jirani yangu Einar alianza kupoteza macho mwaka ule mume wangu Metro alipofariki. Tukawa tunatembea pamoja, mjane na kipofu mtarajiwa, kama alivyopenda kutania. Kila siku baada ya chai tulizunguka Wolseley, mtaa wetu wa katikati ya Winnipeg, chini ya miti ya elm iliyoshikana matawi juu ya barabara tangu kabla hatujazaliwa.

Mimi nilimweleza ninachokiona. Yeye aliniambia tulipo, kwa kuhisi jua na kivuli usoni tu.

"Kivuli hiki kizito ni cha nyumba ya mwalimu. Sasa jua kidogo, hapa ni kichochoro. Na hiki changu. Nimefika, mama, nenda kaoge."

"Kaoge wewe, unanuka kahawa."

Hakuwahi kukosea. Mti wa mbele ya lango lake ulikuwa mnene kuliko yote, na ubaridi wake ulimpokea kila siku kama mtu wa nyumbani.

Mti wangu ulikatwa Januari iliyofuata, kwa ugonjwa unaoenezwa na vidudu vya magome. Metro alikuwa akiuegemea jioni akivuta kiko, miaka arobaini, hadi gome likalainika mahali pa mgongo wake. Einar aliwaomba wakataji kipande hicho cha shina, akanisukumia kwa toroli kwenye theluji, akipapasa njia kwa mguu, hadi banda langu la nyuma. Alikuwa seremala zamani.

"Nitakutengenezea kigoda," akasema. "Ila lazima nibandue gome. Unaijua kanuni."

Niliijua. Mtaani kwetu kila mtu anaijua: mti wa elm wenye gome hauwekwi nyumbani, hata kijiti, maana vidudu huzaliana chini ya gome.

"Acha kwanza," nikamwambia. "Mgongo wake uko hapo."

Kesho yake akaleta blanketi lake mwenyewe, akakifunika kile kipande.

Sikukigusa tena. Julai, tukiwa matembezini, niliona tawi moja juu ya mti wa Einar limekuwa manjano, majani yamejikunja kama yaliyoungua. Siku ile nilimweleza paka, baiskeli, na maua ya mwalimu. Tawi sikulitaja.

Wiki iliyofuata alikuja Roxanne, mkaguzi wa miti, na kopo la rangi ya machungwa. Aliweka alama ya kukatwa kwenye mti wa Einar na mingine mitano, kisha akaomba kuona nyuma ya nyumba zetu. Bandani kwangu akafunua blanketi. Gome lilikuwa limejaa vitundu, kama limedungwa sindano.

"Vidudu wametokea hapa, bibi," akasema kwa upole. "Nani aliliacha gome?"

Nilifungua mdomo. Einar, aliyesimama mlangoni kwa kushika ukuta, akaniwahi.

"Mimi, dada. Seremala kipofu. Nilidhani nimelibandua."

"Basi pole, mzee. Mti wako nao nimeuwekea alama."

"Wangu?" Akageuza uso upande wa barabara. "Haya."

Nafasi ya kusema ilikuwapo. Nikakunja blanketi.

Waliikata Desemba, yote sita. Einar hakuniuliza lolote. Aliendelea kuja kunichukua baada ya chai, hata kwenye barafu, na alipohisi nachoka alisingizia kuwa amechoka yeye.

Juni majani yalipofunguka kwingine, tulirudi nyumbani siku moja jua likiwa kali. Tulipofika langoni kwake nilipunguza mwendo. Yeye akaendelea.

"Einar."

"Twende, bado. Hatujafika kivulini kwangu."

Nikaenda naye. Nyumba moja, ya pili, ya tatu. Jasho lilimtiririka puani naye bado ameinua uso, akitafuta.

"Einar, mimi ndiye niliyekukataza kubandua lile gome."

"Najua, mama. Si nilikuwepo?" Akasimama. "Wewe niambie tu lango langu liko wapi."

Nikamgeuza.

Siku hizi hatoki. Baada ya chai mimi huenda kwake, tunakaa jikoni, naye huniuliza nimeona nini njiani. Namweleza. Ni hatua ishirini tu, zote juani, na ya kuonekana humo nilishayamaliza kumsimulia zamani.