Kifungu cha Tano

Shuleni namwita Mwalimu, nyumbani namwita Shangazi, na siku nikichanganya hunikata jicho. Amefundisha watoto kuandika insha kwa miaka ishirini na nane. Mimi nina miezi mitano tu kazini hapo, kwa hiyo mwalimu mkuu alipotaka mtu wa kuandika sera ya shule kuhusu akili mnemba, macho yote yaligeukia kwangu.

"Wewe si mtoto wa juzi?" mwalimu mkuu alisema. "Haya ni mambo ya kwenu."

Niliandika kwa moyo wote. Niliamini, na bado naamini, kwamba shule inaweza kuzipokea mashine hizi bila kumpoteza mtoto. Vifungu vinne vya kwanza vilieleza mwanafunzi anaruhusiwa kuiuliza mashine nini na asiiulize nini. Cha tano kilikuwa kifupi: kazi ambayo programu ya ukaguzi itasema imeandikwa na mashine kwa asilimia themanini au zaidi, itapewa sifuri. Nilikipenda kifungu hicho, na nilipokisoma kikaoni walimu walinipigia makofi. Nilijiambia kwamba programu haina ndugu wala rafiki, basi haitamwonea mtu.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Chiriku. Ndivyo darasa zima lilivyomwita binti yule, kwa kuwa mdomo wake haupumziki. Mradi wake kuhusu foleni ya maji shuleni ulipata asilimia tisini na moja. Sifuri ile ingemtoa kwenye orodha ya watakaoendelea na masomo ya sayansi, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Jumatano alasiri Shangazi alinikuta jikoni nikimenya viazi. Akavuta kiti, akavua viatu.

"Chiriku ni mwanafunzi wangu," alisema.

"Najua, Shangazi. Hata mimi inaniuma. Lakini akiongea ni chiriku, akiandika ni karani wa mahakama. Hushangai?"

"Nishangae nini, na mimi ndiye niliyemfundisha? Haya, nitajie namna za kuanza aya."

Nilijibu bila kufikiri, kisu mkononi. "Aidha. Vilevile. Kwa upande mwingine. Licha ya hayo. Hivyo basi."

"Endelea."

"Ni muhimu kutambua kwamba..." Nikaweka kisu chini.

Zilikuwa kumi na sita. Chati yake imebandikwa darasani kwake tangu sijazaliwa, na nakala yake ilikaa kwenye mlango wa friji yetu utoto wangu wote. Hakuna aliyepita mikononi mwake aliyethubutu kuanza aya bila mojawapo.

Nikanawa mikono, nikafungua kompyuta pale pale mezani. Nikaipa programu ile sera yangu mwenyewe, niliyoitunga wiki mbili neno kwa neno bila msaada wa mashine yoyote.

Asilimia themanini na nane.

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. "Basi na wewe sifuri, mwanangu." Kisha kicheko kikamwisha, akawa anajifuta macho na ncha ya khanga. "Nimewashonea wote sare moja ya maneno. Lakini aliyevaa sare si mwizi."

"Nilikosea, Shangazi."

"Usiniambie mimi. Kawaambie waliokupigia makofi."

Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya walimu wote. Nikasema kifungu cha tano ni changu na ni kibaya, nikawaonyesha zile themanini na nane.

"Sasa tutajuaje?" mwalimu mkuu aliuliza. "Au kila mtu alete kazi ya mashine, tumpongeze?"

"Tumwulize mwenyewe. Programu itufanye tuulize, isitufanye tuhukumu."

Aliguna, lakini akatuma Chiriku aitwe. Shangazi akahamia kiti cha nyuma kabisa, asije akaambiwa anambeba. Mwalimu mkuu alifungua mradi, akauliza kwa nini foleni ilikuwa fupi Jumanne.

"Jumanne ni michezo, Mwalimu, wengi wanakunywa uwanjani. Ukurasa wa tatu nimeandika ni mvua, nimekosea. Mvua ilinyesha Jumatano. Niligundua nimeshakabidhi, nikaona haya kurudi. Halafu lile bomba la kushoto linavuja, nimetega kopo siku nne, linajaa kabla kipindi hakijaisha, na fundi alipokuja akafunga la kulia, nikamwambia, mjomba, siyo hilo, hakunisikiliza, sasa..."

Mwalimu mkuu aliinua mkono. "Imetosha, binti. Pumua."

Walimu wakacheka. Sifuri ikafutwa, akapewa sabini na tatu. Kosa la mvua lilikatwa alama zake. Jina lake likarudi kwenye orodha.

Baadaye alinifuata kwenye ngazi za ofisi.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Wewe umeanza lini kuomba ruhusa?"

Hakucheka. "Ile sifuri niliiona kwenye ubao wa matangazo. Wenzangu waliiona kabla yangu. Kwa nini hamkuniita kwanza? Ningewaambia haya yote Jumatatu."

Nilikaa kwenye ngazi, nikampisha naye akae, nikatoa sera na kalamu. Niliandika polepole: kabla majibu ya programu hayajatajwa kwa yeyote, mwanafunzi aitwe, aulizwe kuhusu kazi yake, asikilizwe.

Alisoma akiwa ameegemea bega langu.

"Aitwe na nani?"

"Na mwalimu wake."

"Basi andika hivyo, Mwalimu. Usiache hewani."

Nikaandika.