Homa Iliyozoea Kurudi

Kwa miezi mitatu Elkana hakuwa mzima, wala hakuwa mgonjwa wa kulazwa. Asubuhi alishika jembe kama kawaida, lakini jua likianza kushuka mgongo ulimuuma, jasho likamtoka hadi shati likamganda mwilini, kisha baridi ikamtetemesha. Siku nne tano homa ilitulia, halafu ikarudi. Dawa za malaria alikuwa amemeza mara tatu. Ndugu zake hapo Ntimaru walianza kusema amechoka na shamba, anatafuta kisingizio. Mkewe Mellen alijua si kisingizio. Yeye ndiye aliyefua mashuka yaliyolowa jasho.

Siku moja alimpeleka mwenyewe kituo cha afya. Daktari wa zamu, Celestine, alikuwa mtu wa Homa Bay asiyejua Kikuria, kwa hivyo walizungumza Kiswahili. Hakukimbilia kuandika dawa.

"Mzee, unafuga?"

"Ng'ombe wanne."

"Kuna mwenye ametupa mimba mwaka huu?"

Elkana alimtazama mkewe, maana hakuna aliyekuwa amemtajia daktari habari za ng'ombe. Ni kweli, yule mwekundu alitupa ndama wa miezi saba. Kondo la nyuma lilikwama, na Elkana akaingiza mkono mtupu hadi kiwiko kulitoa. Baadaye wakaendelea kumkamua.

Damu ilipopimwa, jibu likawa brusela, homa inayotoka kwa mifugo.

"Ni vijidudu," Celestine alisema. "Vinaingia kwa mkwaruzo kwenye mkono, au kwa maziwa mabichi. Mwili unatuma askari wake, zile chembe nyeupe za damu, wavimeze. Vingine vinakufa. Vingine vinakaa hai ndani ya huyo askari, vinazaana humo, naye anavibeba mpaka kwenye viungo na mgongo. Vikitoka tena kwenye damu, homa inapanda. Vikitulia, unafikiri umepona."

Elkana akasema, "Kwa hivyo anayenilinda ndiye anayevificha."

"Ndiyo maana utakunywa dawa aina mbili, wiki sita. Ukiacha kwa sababu umepata nafuu, homa inaweza kurudi."

Mellen alikuwa amebaki nyuma, kwenye neno maziwa.

"Yakichemshwa?"

"Yakichemka vizuri, vinakufa."

Kwake maziwa yalichemka kwenye chai. Lakini aliyauza kwa majirani, na kila asubuhi alimmiminia jirani yake Joyline kikombe cha bure, kikiwa bado na joto la ng'ombe, kwa sababu Joyline alikuwa mjamzito na tumbo lake halikutaka kitu kingine.

"Na mwenye mimba, daktari?"

"Inaweza kuharibika. Kama unamjua, mlete leo."

Njiani Elkana alisema wawaambie watu wachemshe tu, wasimtaje ng'ombe. "Watatukimbia, Mama Ryoba."

"Acha wakimbie," Mellen alisema.

Alimkuta Joyline akichambua mboga uani. Alikaa chini na kumweleza yote, ya ndama, ya mkono wa Elkana, ya kikombe. Joyline aliacha mboga.

"Wakati ulikuwa unanipa, ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Nimejua leo."

Joyline aliinuka. Alivaa viatu, wakaenda pamoja, mmoja mbele, mwingine nyuma. Damu yake nayo ilikuwa na brusela. Celestine alimwanzishia dawa inayomfaa mjamzito.

Nyumba mbili ziliacha kununua maziwa kwa Mellen. Afisa wa mifugo alikuja kupima ng'ombe, na yule mwekundu pamoja na mtamba mmoja wakaondolewa zizini. Wiki ya nne Elkana alijisikia na nguvu, akasema dawa zinamchafua tumbo bure. Mellen alimpa maji na kusimama mbele yake mpaka akazimeza. Zilipokwisha, jioni zilipita bila homa, ingawa kwa muda mrefu jua likishuka bado aligusa shingo yake kusikia kama ina joto.

Joyline alijifungua salama, mtoto wa kike. Mellen hakwenda kumwona. Alihofia kwamba mlango wa nyumba ile ulikuwa umefungwa kwake. Mwezi ulipopita, Joyline mwenyewe alikuja na mtoto mgongoni.

"Nilikukasirikia sana," alisema akikaa. "Si kwa maziwa. Kwa kuniambia. Zile wiki zote nilikuwa nalala nikihesabu mtoto amecheza mara ngapi."

"Ningenyamaza?"

Joyline alimfungua mtoto, akamweka mikononi mwa Mellen.

"Hapana," alisema. "Mshike kichwa vizuri."